Bei ya kutupa hainunui nyumba, inanunua haraka yako

NOVEMBA 2022 mtu mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki katika ua wa nyumba yetu ya Bwiza, akanywa soda tuliyomkaribisha, akatazama paa, akatazama ukuta, kisha akasema: “Mzee, kusema kweli hiki ni kiwanja tu. Mimi nitakupa milioni 45.”

Tulikuwa tumetangaza milioni 140.

Sikumjibu kwa adabu. Nilimwambia anyanyuke, na nikaongeza maneno ambayo hayafai kuandikwa gazetini. Dada yangu alinivuta mkono, lakini nilikuwa nimeshasema. Yule bwana aliondoka taratibu, bila hasira yoyote, akamwachia dalali namba yake ya simu.

Nimeamua kuisimulia habari hii kwa sababu karibu kila wiki nakutana na ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania, na wafanyabiashara wenzangu tunaovuka nao Gatumba kwenda Uvira au Mugina kwenda Manyovu, wakilalamika kwa maneno yaleyale: “Nimetajiwa bei ya matusi.” Wapo waliofukuza wateja kama nilivyofanya mimi. Wapo waliokubali matusi hayo kwa sababu walichoka. Makundi yote mawili yamepata hasara.

Hoja yangu ni moja tu, ndugu msomaji. Mtu anayekutajia theluthi ya bei ya nyumba yako hajaipima nyumba. Amekupima wewe. Ameona una haraka, au karatasi zako zina kasoro, au ndugu zako hawapo pamoja, akaviwekea hivyo bei. Ukiviondoa, bei nayo inapanda.

Lakini kwanza tukubali kwamba Bwiza si mahali pa kawaida pa kuuzia nyumba. Ni mtaa uliopimwa zama za Wabelgiji, wenye avenyu za namba na viwanja vidogo vilivyobanana, karibu kabisa na katikati ya jiji na jirani na soko la Jabe. Kila mwenye mtaji anapataka. Na ni mtaa ambao watu wake wamewahi kuukimbia usiku wakiwa na funguo za nyumba mfukoni.

Machi 1995, Bwiza na Buyenzi ziliposafishwa kikabila, maelfu ya watu walikimbilia Uvira. Familia yangu ilikuwa miongoni mwao. Hazikupita wiki nyingi akaja mtu kutoka Bujumbura, akizunguka kwa waliokimbia na kuuliza nani ana nyumba wapi. Alimtajia baba bei ambayo ingetosha kununua baiskeli mbili. Aliyekataa ni mama. Alisema: “Hiyo ni bei ya njaa yetu, siyo bei ya nyumba yetu.”

Jirani yetu wa avenyu ileile alikubali. Aliweka dole gumba kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Oktoba 1996 vita vilipofika Uvira tulivuka ziwa pamoja naye hadi Kigoma, na pesa zake zilikuwa zimekwisha zamani. Tuliporudi nyumbani alihangaika na mashauri kwa miaka, akafariki bila kulala tena katika nyumba aliyoijenga.

Kwa hiyo anapokuja mtu leo na bei ya kutupa, mtu wa Bwiza haoni mteja. Anamwona yule wa Uvira wa mwaka 1995. Nami ndiye niliyemwona pale kwenye kiti cha plastiki. Uchungu huo ni wa kweli na sitaki mtu auchekee. Ila nimejifunza kwamba ukiuingiza katika mapatano ya bei, unamfaidisha mnunuzi.

Siku chache baada ya lile tukio nilimuuliza dalali: yule bwana milioni 45 aliitoa wapi? Dalali hakuficha. Alinieleza kwamba dada yangu alikwishasema mbele ya mgeni kwamba tunataka pesa kabla ya Januari. Kwamba hati ya kiwanja, ile tunayoiita kwa Kifaransa titre foncier, ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba. Kwamba ndugu zetu wawili wako nje, mmoja Kigoma na mmoja Uvira, na hakuna aliyewahi kuona saini zao. Na kwamba mpangaji wa vyumba vya uani alimnong'oneza mgeni kuwa yeye hahami.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Sisi tulikuwa na pabovu pane, na tulimwonyesha mgeni zote kwa saa moja.

Tuwe wakweli. Mtu anayenunua nyumba ambayo hati yake ina jina la marehemu ananunua na kesi pia. Kesho anaweza kujitokeza mtoto wa shangazi akadai fungu lake. Mnunuzi ana haki ya kupunguza bei kwa ajili ya hatari hiyo. Sehemu ya punguzo lake ilikuwa halali, sehemu ilikuwa tamaa. Kazi ya muuzaji ni kuzitenganisha hizo mbili, na huwezi kuzitenganisha ukiwa unapiga kelele.

Hasira yangu ilikuwa na bei yake. Wiki moja baadaye alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mtu makini, akatupa milioni 95. Mimi bado nilikuwa nachemka kwa ajili ya yule wa kwanza. Nilimwambia ni 140, haipungui hata faranga. Alisema, “Haya baba, Mungu atawapa mwingine,” akaaga. Mwezi uliofuata nikasikia amenunua Buyenzi. Mtu anayeanza na 95 angeweza kufika 110 au zaidi. Sitajua kamwe, kwa sababu sikumpa nafasi.

Aibu yangu ni kwamba mimi ni mchuuzi. Kwa zaidi ya miaka 15 nimesimama na bidhaa pale Kavimvira. Mteja akinitajia nusu ya bei ya mzigo simkasirikii. Namjibu, naye ananijibu, tunaelewana au tunaachana kwa salamu. Biashara haigombi. Inakuwaje mtu anayejua hivyo kwa bidhaa ya elfu kumi anasahau kwa mali ya mamilioni?

Tulianza upya. Jambo la kwanza lilikuwa karatasi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifanya baraza la familia, tukaandika muhtasari unaotaja warithi wote, wote wakasaini. Ndugu wa Kigoma alitoa barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na ubalozi mdogo wa Burundi uliopo pale Kigoma. Wa Uvira alivuka mwenyewe akasaini mbele yetu. Kisha tukafuatilia hati hadi ikatoka kwa jina la baba. Kazi hiyo ilituchukua karibu miezi mitatu na ada zake. Mpangaji naye tulielewana kwa maandishi: atahama siku 60 baada ya mauzo, na kodi ya miezi miwili ya mwisho tutamsamehe.

Jambo la pili lilikuwa kuijua bei ya kweli. Hapa wengi tunajidanganya. Tunauliza majirani wanauza kwa bei gani, na jirani anakutajia bei anayoiota. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Tulitafuta nyumba tatu za avenyu za jirani zilizouzwa mwaka ule na mwaka uliotangulia, tukawauliza wauzaji wenyewe kwa utaratibu. Zilikuwa zimeuzwa kati ya milioni 100 na 125.

Maana yake ni kwamba 140 yetu nayo ilikuwa bei ya ndoto. Hili lilinichoma kuliko zile 45. Bei ya ndoto hualika bei ya kutupa. Mnunuzi makini akiiona anapita zake, anabaki yule anayekuja kubahatisha. Tuliishusha hadi 130.

Jambo la tatu, tuliandika bei ya mwisho ambayo hatutashuka chini yake: milioni 110. Sote wanne tulikubaliana, karatasi ikafungiwa kabatini kwa dada. Dalali hakuambiwa. Ndugu wa mbali hawakuambiwa. Bei ya mwisho ikijulikana na watu watano, wa sita kuijua ni mnunuzi.

Ninamtaja dalali kwa sababu wengi tunamwachia kila kitu, halafu tunamlaumu. Fanya hesabu rahisi. Tuseme anachukua tatu kwa mia. Nyumba ikiuzwa milioni 100 anapata milioni 3. Ikiuzwa 118 anapata milioni 3 na laki 5 na 40 elfu. Kwako wewe tofauti ni zaidi ya milioni 17. Kwake yeye ni laki tano na kitu, tena baada ya kusubiri miezi mitatu. Ndiyo maana anakwambia, “Mzee, chukua pesa, wateja hawapo.” Si lazima awe mtu mbaya. Hesabu yake na yako hazifanani, na ni vema ulikumbuke hilo kila anapokupa ushauri.

Februari 2023 yule bwana wa soda alirudi. Safari hii nilimkaribisha vizuri. Nikaweka mezani hati, muhtasari wa familia na barua ya mpangaji, nikamwambia: “Bei yetu ni milioni 130. Nyumba ya avenyu ya pili ililipwa 120. Wewe unasema ngapi, na umeipataje?”

Swali hilo la mwisho nawaombea mlikumbuke. Umeipataje? Mtu mwenye hoja atakueleza: paa limechoka, choo kinahitaji kuchimbwa upya, ukuta una ufa. Hayo mnaweza kuyahesabu pamoja na kupunguza kwa haki. Asiye na hoja atanyamaza, au atataja bei nyingine. Yule bwana alisema 80. Nilipomuuliza tena, akasema 90. Nyumba ni ileile, paa ni lilelile. Kilichopanda kutoka 45 hadi 90 ni karatasi zetu na utulivu wetu. Hatukumwuzia, lakini tuliagana kwa kupeana mikono.

Kabla hatujapata mnunuzi alikuja mwingine na jambo lililotuchanganya. Alitoa 125. Ila alitaka kulipa vipande vipande: 35 palepale, kisha 30 Juni, 30 Septemba na 30 Desemba. Kaka yangu alishawishika, na kwa maandishi kweli ilikuwa bei nzuri kuliko zote. Tulikataa kwa sababu mchuuzi wa mpakani anajua faranga ya Desemba si faranga ya Machi. Machi 2023 tuliuza kwa milioni 118, mbele ya notari, pesa zote zikaingia benki kwa siku moja.

Mapema Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola iliyokuwa karibu faranga 2,090 ikapita 2,800 kwa bei ya benki, na kila anayevuka Gatumba anajua ya mtaani ilikuwa juu zaidi. Zile milioni 90 za baadaye, ukizipima kwa dola ya benki, zisingefika milioni 67 za Machi. Ongeza 35 za mwanzo, unapata kama milioni 102. Basi ile 125 ilikuwa chini ya 118 yetu, na chini hata ya bei yetu ya mwisho. Bei ya kutupa haivai nguo moja. Wakati mwingine huja imevaa suti.

Na siyo hilo tu. Juni 7, 2023 benki hiyo ilitangaza kwamba noti za zamani za 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na watu wakapewa siku kumi. Kila aliyekuwa ameficha pesa za nyumba ndani ya sanduku, awe Bwiza, Uvira au Kigoma, anaukumbuka mwezi ule. Kwa hiyo ukipima bei usiishie kwenye namba. Ipime kwa mifuko ya saruji, kwa mabati, kwa kiwanja utakachonunua Kinama au Kanyosha, na upime kwa siku ambayo pesa itakuwa mkononi mwako kweli.

Najua kuna atakayesema: wewe ulikuwa na miezi mitatu ya kusubiri, mimi sina. Ni kweli, na sitaki kumdharau mwenye shida. Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura lilipoungua, wafanyabiashara walipoteza mitaji yao kwa siku moja, na nyumba ndiyo mali iliyobaki ya kugeuza pesa. Baada ya mgogoro wa Aprili 2015 zaidi ya watu 400,000 walikimbia nchi. Tangu Septemba 2017 zaidi ya 200,000 wamerejea, wengi wao kutoka kambi za Tanzania kama Nduta na Nyarugusu. Aliyerejea hupewa msaada wa chakula wa miezi mitatu. Mnunuzi naye anaihesabu hiyo miezi mitatu, na anajua wa nne utakapoanza.

Kwa mtu huyo ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuuza kwa bei ya kutupa, jaribu kununua muda. Bwiza haikosi wapangaji. Vyumba viwili vya uani vikikodishwa kwa kodi ya miezi sita mbele vinaweza kukuvusha. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kukuvusha. Ndugu aliye nje anayesubiri fungu lake anaweza kukukopesha kwa fungu hilo, kwa maandishi. Miezi mitatu ya kusubiri inaweza kuwa na thamani kuliko mwaka mzima wa kuchuuza.

Na kama yote yameshindikana, mgonjwa yuko kitandani na hakuna pa kukopa, basi uza. Hakuna aibu. Ila uza ukijua unachofanya: andika bei ya kweli ya nyumba, andika bei unayopewa, toa moja kwa nyingine, uone shida yako imekugharimu kiasi gani. Kama mgonjwa anastahili kiasi hicho, na mgonjwa siku zote anastahili, saini ukiwa na amani. Kibaya ni kusaini kwa hofu, ukagundua mwaka mmoja baadaye kwamba ulichokuwa unakimbia ni maneno ya dalali.

Mwisho nina neno kwa wanunuzi, maana gazeti hili wanalisoma pia, na kesho mimi naweza kuwa mmoja wao. Kupunguza bei ni haki yako. Kuwinda mtu aliyebanwa ni jambo jingine, na katika nchi hii halijawahi kuwa rahisi kama linavyoonekana. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka wazi kwamba mkimbizi anayerejea ana haki ya kurudishiwa mali yake au kulipwa fidia ya haki. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kumaliza muda wake 2022, ilipokea makumi ya maelfu ya mashauri, na kuanzia 2011 ilielekea zaidi kumrudishia aliyekimbia mali yake yote badala ya kugawana na aliyemkuta ndani. Mwishoni mwa Mei 2013 pale Ngagara, kuondolewa kwa familia moja katika nyumba iliyodaiwa na mtu aliyerejea kuliishia kwa mabomu ya machozi ya polisi mitaani.

Walioishi katika nyumba za namna hiyo wengine walinunua kwa nia njema kutoka kwa aliyenunua kwa bei ya kutupa. Mzigo wa yule wa kwanza ulimwangukia wa tatu. Nyumba iliyolipiwa bei inayoeleweka, mbele ya notari, na warithi wote wamesaini, inamwezesha mnunuzi kulala usingizi. Hilo nalo lina thamani yake, na linapaswa kuhesabiwa kwenye bei.

Nyumba yetu imeshabomolewa. Mwenyewe amejenga maduka matatu kwa mbele, na ninapopita kwenda Jabe naitazama bila kinyongo. Kinachonirudia ni yule mama wa vitenge niliyemfukuza kwa kosa la mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitajiwa bei ya kutupa kesho, usipige kelele. Mwongezee mgeni soda, muulize ameipataje, msikilize hadi mwisho. Akishaondoka, nenda kaangalie hati yako iko kwa jina la nani.